Choo Kilichokwenda Chini ya Darasa la Saba

Jumamosi ya tarehe 11 Machi 2023, Anisia Masele alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya Shule ya Msingi Nyalubanga akiwa hayupo. Alipita bila kupingwa. Wakati kikao kikiendelea alikuwa kwenye gulio la Kharumwa, amekaa nyuma ya beseni la karanga, na habari aliipata njiani kwa dereva wa bodaboda aliyekuwa akimrudisha kijijini.

"Hongera, mheshimiwa," dereva alisema bila kugeuka.

"Mheshimiwa wa nini?"

"Wa shule. Nauli ni ileile, ila leo nitakwepa mashimo."

Jioni alikwenda kwa Suzana, jirani yake ambaye naye alikuwa amechaguliwa kuwa mjumbe, kumuuliza kwa nini hawakumsubiri. Suzana alikuwa akianua michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Alijibu huku akiendelea kukusanya.

"Waliokuwepo wote walikataa, Mama Raphael. Wewe hukukataa."

Anisia ana miaka hamsini na miwili. Analima mpunga bondeni na karanga mlimani, amezaa watoto watano; wa kwanza ni Raphael, na wa mwisho, Jenifa, yuko darasa la saba katika shule hiyohiyo. Ni mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mwenye mazoea ya kuegemea kitu chochote kilicho karibu anapozungumza: mlango, baiskeli, mgongo wa kiti cha mwalimu mkuu. Mumewe anasema mazoea hayo hakuwa nayo kabla ya kuingia kwenye kamati.

Katika semina ya siku moja waliyopewa wajumbe wapya, waliambiwa kazi ya kamati ni kusimamia. Walipouliza kusimamia nini, mwezeshaji aliandika ubaoni mpaka ubao ukajaa. Majengo, chakula cha wanafunzi, mahudhurio, nidhamu, fedha zinazoingia na zinavyotoka, nyumba za walimu, usafi, mpaka wa eneo la shule. Mshahara hakuna. Kuna soda, na kikao kisipofikisha akidi hata soda hainunuliwi. Vikao vingi vya Nyalubanga havifikishi akidi. Anisia na mwalimu mkuu, Donatus, ambaye kwa cheo chake ndiye katibu, wamekaa mara nyingi peke yao katika chumba cha darasa la pili, magoti yao yakigusa chini ya madawati ya watoto, wakisubiri wajumbe ambao wote wawili walijua hawaji.

Asubuhi nyingine Anisia hutoka nyumbani mapema kupitia kwenye karasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu zilizo kando ya barabara ya lori, kuwatoa watoto waliokwenda kuosha mchanga badala ya kwenda shule. Huwashika mkono mmoja mmoja. Wengine mama zao wako palepale, wameinama kwenye mabeseni.

"Mwenyekiti, huyu namrudisha kesho," mama mmoja alimwambia mwaka jana.

"Jana uliniambia kesho."

"Sasa si ndiyo hiyo kesho haijafika?"

Anisia alicheka, akamchukua mtoto. Siku iliyofuata alimkuta tena mahali palepale.

Aprili mwaka huu wa 2025, mvua za masika ziliangusha choo cha shule. Ukuta wa nyuma uliingia shimoni, na sakafu ikafuata. Watoto wadogo wakaanza kwenda kichakani. Wasichana wakubwa wakaanza kubaki nyumbani, kwanza siku chache za mwezi, kisha wiki. Mei akaja bwana afya wa kata kwa pikipiki, akalitazama shimo lililobomoka, akavua kofia, akaivaa tena.

"Likizo inaanza Juni," alimwambia Anisia. "Shule ikifunguliwa Julai bila choo, mimi naifunga. Sitaki, lakini nitaifunga. Watoto watagawanywa kwenye shule za jirani."

Shule ya jirani iko ng'ambo ya barabara ya lori, na njia ya kwenda huko inapita katikati ya karasha. Kila mzazi wa Nyalubanga alijua maana yake. Mtoto akipewa njia hiyo asubuhi na jioni, siku moja atasimama katikati ya njia, na kesho yake atakuwa na beseni. Darasa la saba wana mtihani wa taifa Septemba. Tangu siku ile, Anisia alikuwa na jambo moja tu kichwani: choo kiwe tayari kabla shule haijafunguliwa.

Mkutano wa wazazi ulikubaliana kwamba matofali na mabati vitachangwa, na shimo litachimbwa kwa nguvu ya wanakijiji. Katika ukanda huu wachimbaji hawatafutwi. Nyumba nyingi zina kijana aliyewahi kushuka duarani, kama wanavyoyaita mashimo ya dhahabu, hapa au kwenye machimbo ya Rwamgasa. Aliyejitolea kuwaongoza alikuwa Enock, mdogo wa mume wa Anisia, mtu wa miaka arobaini mwenye mabega mapana na mdomo usiopumzika. Enock ndiye nsumba ntale wa kijiji, yaani kiongozi wa kundi la vijana wanaolima, kuvuna na kujenga kwa zamu katika kila kaya. Desturi yao ni moja: unayefanyiwa kazi unawalisha. Kwa kuwa kazi ilikuwa ya shule, kamati ndiyo iliyopaswa kuwalisha. Kamati ilikuwa Anisia, Suzana na sufuria mbili.

"Shemeji, shikamoo," Enock alisalimia siku ya kwanza, sururu begani.

"Marahaba. Mmefika wangapi?"

"Usihesabu watu, ongeza unga."

Bwana afya alikuwa ameonyesha mahali pa kuchimba, nyuma ya chumba cha darasa la saba, kwa umbali unaotakiwa na upande ambao upepo hauelekei madarasani. Vijana walichimba kwa kasi ambayo Mwalimu Donatus, mzaliwa wa Bukombe aliyehamishiwa Nyalubanga, alisema hajapata kuiona katika kazi ya serikali. Mchana walikuja kula ugali na dagaa kwenye kivuli cha ukuta, wakitaniana. Mmoja alisema choo hiki kitakuwa kirefu hata mtoto akitupa jiwe leo atasikia mlio akiwa kidato cha kwanza. Anisia alirudi nyumbani akiwa na moyo mwepesi kidogo.

Hapo ndipo kosa lilipotokea, na ni kosa ambalo kijiji cha wakulima watupu kisingeweza kulifanya. Mkulima anayechimba choo akikutana na mwamba, hununa, husogea pembeni au hukomea hapo. Vijana wa Enock walipokutana na mwamba, walivunja kipande wakakitazama. Kilikuwa cheupe, chenye mistari ya kutu. Walikitwanga, wakakiosha kwenye sahani waliyolia dagaa, wakaona chembe za dhahabu. Baada ya hapo shimo halikuendelea kwenda chini. Liligeuka.

Anisia aliziona dalili, ila hakuzisoma. Kwanza waliomba chakula kipelekwe shimoni, ati kutembea kunapoteza muda. Kisha wakafunika mdomo wa shimo kwa turubai, ati vumbi. Kisha wakafunga winchi ya mbao na kamba. Matimba, yale magogo ya kuegemezea kuta za shimo, yakaletwa kwa mkokoteni.

"Enock, choo gani kinapigwa matimba?" Anisia aliuliza siku hiyo.

"Udongo wa hapa ni mwongo, shemeji. Unataka wajukuu zako waanguke?"

Alikubali. Alikuwa na mambo mengine. Mabati yalikuwa hayajatimia, mpunga wake ulikuwa umekauka shambani unasubiri zamu yake ya kuvuniwa na kundi, na wazazi wawili walikuwa wanagombana kwa sababu ng'ombe wa mmoja alikula bustani ya shule. Jambo moja alilistaajabia bila kulifuatilia: rundo la kifusi kando ya shimo lilikuwa la udongo mwekundu mtupu. Mawe hayakuwepo. Yalikuwa yakiondoka kwa viroba kabla watu hawajaamka.

Darasa la saba hawakwenda likizo. Kama ilivyo katika shule nyingi, walibaki kambini wakijiandaa kwa mtihani, wakilala kwenye vyumba viwili vya madarasa na kusoma katika chumba chao. Asubuhi moja Mwalimu Donatus alikuwa akifundisha hesabu za sehemu ubaoni, mgongo wake kwa wanafunzi, aliposikia mnong'ono.

"Nani anaongea?"

"Mwalimu, kuna mtu anabisha hodi," alisema mmoja.

Mwingine akaitikia, "Karibu!" Darasa likacheka.

"Mlangoni hakuna mtu."

"Sio mlangoni, mwalimu. Chini."

Donatus aliweka chaki. Darasa lilinyamaza, na katika ukimya ule wote walisikia nyundo: ko, ko, ko, inasimama, ko, ko. Ilikuwa chini ya dawati la tatu. Mwalimu aliwatoa wanafunzi wote nje kwa kupitia mlango mmoja, taratibu, akawahamishia chumba cha darasa la nne upande wa pili wa uwanja. Kisha akapanda baiskeli.

Alimkuta Anisia bondeni, akifukuza ndege kwenye mpunga. Alimweleza akiwa bado amekaa kwenye baiskeli, mguu mmoja chini.

Anisia alitafuta kitu cha kuegemea. Bondeni hapakuwa na kitu. Akashika usukani wa baiskeli ya mwalimu.

"Watoto wako wapi sasa?"

"Darasa la nne. Sitawarudisha kule. Mama Raphael, hili lazima nilipeleke juu. Mimi ni mtumishi."

"Ukipeleka leo, kesho kunakuwaje?"

"Watakuja watu wa madini. Watazungushia utepe."

"Na choo?"

Donatus alikuwa mtu mwadilifu na hakupenda kusema jambo ambalo hana hakika nalo. "Ndani ya utepe," alisema mwishowe.

"Peleka," Anisia alisema. "Ila peleka jioni. Uandike kwamba kazi imesimama. Nipe mpaka jioni nikaisimamishe."

Walipofika shuleni, turubai lilikuwa limefunuliwa. Vijana walikuwa wamekaa kwenye rundo la kifusi wakipumzika. Suzana naye alikuwepo na sufuria ya ugali, na uso wake ulionyesha kwamba hakuwa na jipya la kuambiwa.

"Ulijua?" Anisia alimuuliza.

"Nimejua juzi. Mama Raphael, sikiliza kwanza. Pengine ni Mungu."

Enock alisimama, akapangusa mikono kwenye suruali. Safari hii hakutania.

"Shemeji, tupe wiki moja. Mkanda wa dhahabu unakwenda hivi," alisema, akielekeza kiganja kwenye ukuta wa darasa la saba. "Tukiutoa, shule hii tutaijengea choo cha vigae. Cha kuvuta maji. Hata bwana afya ataomba kukiingia."

"Darasa likidondoka?"

"Tumepiga matimba. Mimi naweza kulala mle ndani."

"Lala wewe. Watoto wa watu walikuwa wamekaa juu yako."

"Si mmeshawahamisha? Basi. Hakuna tatizo tena."

Kijana mmoja aliguna kukubali. Mwingine alisema shule zipo nyingi, dhahabu ikipita haisubiri. Anisia aliwatazama. Nusu yao aliwahi kuwatoa kwa mkono kwenye karasha walipokuwa wadogo. Alimrudia Enock.

"Nataka kushuka nione."

Katika mashimo ya ukanda huu kuna mwiko ambao hakuna anayehitaji kufundishwa: mwanamke hashuki duarani. Akishuka, dhahabu inakimbia. Wapo wanawake wanaotwanga mawe, wanaoosha, wanaouza chai na maandazi kwenye mdomo wa shimo. Ndani hawaingii.

"Shemeji, usifanye hivyo," Enock alisema. "Unajua. Mwanamke hashuki duarani."

"Hili si duara. Ni choo cha shule. Umeniambia hivyo kila siku ukila ugali wangu."

"Mayu, tafadhali." Aliyesema ni kijana mdogo kuliko wote, akitumia neno la heshima la Kisukuma kwa mama.

"Kama ni choo, kamati inakagua kazi yake. Kama ni duara, niambieni sasa hivi mbele ya mwalimu, aandike."

Anisia alivua kandambili, akafunga kanga yake juu ya magoti, akashuka ngazi ya miti. Donatus alisogea kumshikia ngazi. Suzana aliweka sufuria chini, akageuka kutazama upande wa barabara.

Chini alikuta kazi nzuri. Hata leo hakatai hilo. Matimba yalikuwa yamenyooka na kubanana, na mbele yake njia ya kupita mtu aliyetambaa ilikuwa imekatwa sawasawa kuelekea darasani. Alitambaa na tochi ya simu mpaka mwisho. Juu ya kichwa chake aliona mawe ya msingi wa darasa la saba, yaleyale ambayo yeye na wanawake wengine waliyabeba kichwani miaka ile shule ilipoanza kujengwa. Alilisukuma moja kwa kiganja. Mchanga ulimwagikia usoni. Alirudi kinyumenyume.

Alipotoka, kijana mmoja alikuwa tayari anakunja kamba ya winchi.

"Imekimbia," alisema mtu.

Enock alikuwa ameketi, nyundo katikati ya miguu. "Umeifukuza, shemeji. Dhahabu ya kijiji kizima."

"Basi rudisheni kifusi."

"Rudisheni nyie. Sisi tulikuja kuchimba."

Waliondoka kwa mstari mmoja kupitia uwanjani, sururu mabegani. Ugali wa Suzana ulibaki. Kuhusu mwiko wenyewe, Anisia akiulizwa kama anauamini hujibu: "Sijui kama dhahabu inakimbia. Wanaume niliwaona wakikimbia."

Jioni Donatus alituma taarifa yake. Aliandika kwamba kazi imesimama na kwamba chumba cha darasa la saba hakitatumika mpaka mhandisi wa halmashauri akikague. Mhandisi bado hajafika. Watu wa madini walifika, wakachungulia, wakaagiza njia ya pembeni ijazwe mara moja, wakaondoka.

Waliojaza ni wanawake, mama wa watoto wa darasa la saba wengi wao, na baba wachache ambao hawakuwa wa kundi la Enock. Walijaza udongo kwenye viroba vya mbolea, wakavishusha kwa kamba, wakavisukuma ndani. Ilikuwa kazi ya kutambaa na kukohoa. Suzana alikuja siku ya pili bila kuitwa, akaingia foleni, na hawakuzungumza habari ya Mungu.

Siku ya tatu Enock alipita akitoka bondeni kunywesha ng'ombe. Hakusalimia, na kwa shemeji mkubwa hilo si jambo dogo. Alisimama mdomoni mwa shimo akatazama.

"Viroba havipangwi hivyo," alisema, kana kwamba anaongea na fimbo yake. "Vinapishana, kama matofali. Na anzeni kushindilia juu, sio chini." Akaswaga ng'ombe wake. Wanawake walivitoa vyote vya mbele wakaanza upya.

Adhabu ilifika bila kutangazwa. Zamu ya mpunga wa Anisia ilipofika, kundi halikuja. Lilikwenda kwa jirani wa kushoto, kisha likaruka kwa jirani wa kulia. Kutoka nyumbani kwake alizisikia nyimbo za kuvunia pande zote mbili. Alimwambia mumewe.

"Kamati ndiyo iliyokuoa," Baba Raphael alisema. "Ikuvunie." Halafu akachukua miundu miwili, akaenda nyuma ya nyumba kuinoa.

Shimo lililobaki, lile la kwenda chini, lilitosha. Mafundi walijenga kuta, wakamwaga zege, wakapaua kwa mabati yaliyopatikana. Ijumaa bwana afya alikuja. Aliingia kila tundu, akamulika chini, akakaa muda mrefu kwenye tundu la mwisho.

"Mwenyekiti, upande huu mbona ukuta ni wa viroba?"

"Udongo wa hapa ni mwongo," Anisia alisema.

Bwana afya alimtazama. Taarifa ya mwalimu alikuwa ameisoma. Alizima tochi.

"Shule ifunguliwe. Lakini matundu haya hayawatoshi watoto wote hawa. Mnahitaji shimo la pili, na safari hii nitakuwepo mwanzo mpaka mwisho."

"Achimbe nani?"

"Hilo ni la kamati," alisema, akavaa kofia.

Anisia aliegemea mlango mpya wa choo, akakumbuka kwamba rangi haijakauka. Kipindi chake kinaisha Machi mwakani. Ameshawaambia wajumbe hataki kuongezewa, na Suzana amemshauri siku ya uchaguzi asiende Kharumwa.

Shule ya Msingi Nyalubanga inafunguliwa Jumanne. Darasa la saba watasomea katika chumba cha darasa la nne, na darasa la nne watasomea nje. Jumatano Anisia na mumewe wanaanza kuvuna mpunga, wawili.